Mipaka ya michakato kwenye Linux
Kazi nzito ya kubana mafaili ya akiba haina haki ya kuzorotesha seva nzima, ndiyo maana mimi huianzisha kwa nice -n 19, yaani kwa amri inayopanga kipaumbele cha programu katika kutumia prosesa. Thamani za nice huanzia -20, yenye kipaumbele cha juu kabisa, hadi 19, na mtumiaji wa kawaida anaweza kushusha kipaumbele cha mchakato wake (programu inayoendeshwa) lakini, bila ruhusa maalumu, hawezi kukipandisha tena. Hata hivyo, nice haiwekei matumizi kikomo: mchakato wenye 19 utaitumia prosesa yote iwapo hakuna mwingine unaoihitaji. Wala haigusi kumbukumbu, jambo ambalo wengi hulisahau.

Kwa upande wa kumbukumbu, naamini zaidi cgroups (njia ya Linux ya kuyawekea makundi ya michakato mipaka) kuliko ulimit -v (amri ya kuwekea kikomo kumbukumbu ya mchakato), kwa kuwa hiyo ya pili hupima kila mchakato peke yake, ilhali programu iliyozaa michakato 20 inaweza kuimaliza RAM huku kila mmoja ukiwa ndani ya mpaka wake. Amri ya systemd-run --scope -p MemoryMax=2G, ikifuatwa na jina la programu, huliweka kundi zima chini ya kikomo kimoja; kikomo hicho kikifikiwa, kisha kerneli (kiini cha mfumo) ikashindwa kurejesha nafasi, huuawa mchakato wa kundi hilo, na hifadhidata iliyo nje yake huendelea kufanya kazi.