Hakuna tangazo la "kazi yoyote"

Mgahawa niliokuwa nikipikia Ngarenaro, hapa Arusha, ulifungwa ghafla, na mishahara yangu ya miezi miwili ikafungiwa humo humo. Miaka 9 nimesimama mbele ya lile jiko, na sikuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha. Shemeji ndiye aliyenisukuma niende kwa mshauri wa ajira. Nilidhani napelekwa kupewa kazi.

"Mama, unatafuta kazi gani?" kijana yule akaniuliza.

"Yoyote tu, mwanangu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, hakuna tangazo la kazi yoyote."

Tukakaa karibu saa nzima, nikatoka na karatasi yenye mistari sita. Kwanza, cheti cha upishi kwa njia ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ya kurasimisha ujuzi, ile ya aliyejifunzia kazini kupimwa anachokijua bila kuanza upya darasani. Kupima afya. Wasifu. Kupeleka maombi kabla ya Juni, watalii hawajaanza kumiminika. Kiingereza. Na chini kabisa, amepigia mstari: madai ya mishahara, CMA, siku 60. Yaani nipeleke madai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, kabla siku hizo hazijaisha.

Nikaikunja, nikaiweka kabatini chini ya kanga. Ikalala huko wiki sita. Sikuwa nimekaa bure, maana saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshawasha moto wa vitumbua ili watoto wale. Lakini uchovu ulikuwa kisingizio. Karatasi yenyewe niliiogopa. Kila nikifungua kabati naona ncha yake, nafunga.

Kilichonitoa ni simu. Tulikubaliana nimpigie kila baada ya Ijumaa mbili, hata kama sijafanya kitu. Mara mbili nilijifanya nimesahau. Ya tatu nikapiga, nikamwambia sina la kusema, nikasubiri kukaripiwa. Akauliza tu, "Kesho unapita wapi?" Nikasema sokoni Kilombero, kununua mchele. "Basi ukitoka sokoni, pita studio upige picha za pasipoti."

Picha tu! Hiyo niliiweza. Tangu hapo kila mstari nikaukatakata kama sukuma: leo nakala ya kitambulisho, keshokutwa kuulizia ada, na kila jioni shilingi 1,000 ya vitumbua inaingia kwenye kopo la maziwa.

Bosi wa zamani hakupokea simu yangu ya kuomba barua ya utambulisho. Barua nikaipata kwa kina mama wa kigangoni, ambao nimewapikia harusi nyingi kuliko ninavyokumbuka. Wakaongeza na picha: mimi na mwiko mrefu kama jembe, nimeinamia sufuria la pilau la watu 300.

Siku ya kupimwa nilijiona bingwa. Nikakata kuku, nikafuta ubao kwa kitambaa, nikaweka nyanya za kachumbari juu ya ubao ule ule. Mpimaji akainua mkono. "Mama, simama hapo." Miaka 9 nimefanya hivyo na hakuna aliyewahi kunisimamisha. Nikachukua ubao mwingine, mikono inatetemeka. Akauliza friji inatakiwa iwe na nyuzi joto ngapi, nikajibu, "Baridi ya kutosha." Akacheka, akanifundisha pale pale: nyuzi 5 au chini ya hapo, na chakula cha moto kisishuke 60. Cheti nilipata, cha ngazi ya chini kuliko niliyoitamani.

Aprili nikapeleka bahasha 11 kwa mkono. Watatu wakapiga simu. Mmoja akaanza na Kiingereza, mazungumzo yakaishia hapo. Mwingine ndiye aliyenichukua: msaidizi jikoni, kambi ya watalii. Mshahara si ule niliouota, ila nina mkataba na nakatwa NSSF, akiba ya uzeeni. Mpishi mkuu ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, ananiita mama na ananituma kama mtoto. Sawa tu.

Mistari miwili haina alama ya vema. Kiingereza naendelea nacho, nasoma maandishi ya kwenye makopo nikiwa naosha vyombo. Ule wa CMA siwezi tena. Siku 60 tangu mgahawa ufungwe ziliisha karatasi ikiwa chini ya kanga. Nilipouliza, nikaambiwa mtu anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu ya msingi. Nikajikuna kichwa, nikarudi nyumbani.