Pipa Chini ya Mvinje

Jumapili, baada ya magharibi

Nyuma ya nyumba yetu hapa Malindi, chini ya mvinje, kuna pipa la buluu lenye kifuniko cha kukaza. Watoto wa jirani wamekatazwa kuligusa, na mwaka mzima wamekuwa wakilipitia mbali kana kwamba lina nyoka. Leo alasiri nimelifungua. Nilijifunga kitambaa puani, nikalegeza kifuniko polepole, mke wangu amesimama hatua kumi nyuma yangu, tayari kukimbia. Hapakuwa na harufu. Mlikuwa na udongo mweusi, mkavu kidogo, na nyuzi za makumbi ya nazi ambazo bado hazijaoza zikionekana huku na kule. Nilivaa glavu nikachota konzi moja, nikaifinya, ikamomonyoka kama udongo wa shamba baada ya mvua ya kwanza.

Hicho kilikuwa choo chetu cha mwaka jana. Choo cha kwenye gari.

Gari lenyewe lilikuwa matatu ya abiria 14. Lilibeba watu kati ya Malindi na Mombasa mpaka likachoka, nikalinunua, nikang'oa viti, fundi akanitengenezea kitanda, kabati na meza ya kukunja. Tukatia jiko la gesi, tangi la maji la lita 60 na paneli moja ya sola juu ya paa. Watalii hupita hapa na magari makubwa kuliko hilo, yenye bafu na friji ndani. Letu linatutosha watu wawili. Napenda kulala ndani yake nikisikia upepo ukigonga bati, na napenda alfajiri, mlango ukifunguliwa, nikute mikoko mbele yangu badala ya ukuta wa jirani. Sijapata raha nyingine inayofanana na hiyo, na ndiyo maana nimehangaika sana kutafuta namna ya kuendelea nayo bila kuharibu yale yale ninayoyafuata.

Choo tulianza nacho vibaya. Nilinunua kile cha kemikali kutoka kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao: sanduku la plastiki, na chupa za dawa ya buluu ya kumimina chini. Kilikuwa kisafi, hakinuki, na mke wangu alikifurahia. Tukaenda Mida, karibu na Watamu, tukaomba kwa bibi mmoja tulaze gari chini ya mwembe wake, akakubali bila kutaka chochote. Siku ya tatu sanduku lilijaa. Nikamwomba ruhusa ya kutumia choo chake cha shimo, naye akaniambia nenda tu. Sikumwambia nakwenda kumwaga nini.

Alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchicha. Aliponiona narudi nasuuza sanduku, akaniuliza, "Mwanangu, hayo maji ya buluu ni ya nini?"

"Ni dawa, hawe," nikasema. Hivyo ndivyo wajukuu zake walivyokuwa wakimwita, kwa Kigiriama, nasi tukafuata.

"Dawa ya kutibu nini?"

"Haitibu, hawe. Inaua vijidudu, choo kisinuke."

Akanyamaza kidogo. Kisha akainua kidole kuelekea kisima chake, ambacho hakikuwa mbali na choo. "Maji ya kuoshea na kupikia nateka pale," akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

Hakunifokea, wala hakunifukuza. Jioni alitutumia mihogo ya kuchemsha kwa mkono wa mjukuu wake. Nililala macho.

Mtu aliyekulia huku hahitaji kufundishwa kwamba ardhi ya Mida na Watamu ni mwamba wa matumbawe ya kale. Ukiuvunja unaona vitundu kama vya mkate wa mofa. Maji hayachujwi humo polepole kama kwenye udongo mfinyanzi. Yanapenya na kwenda zake, mengine visimani, mengine baharini. Isitoshe, dawa nyingi za vyoo vile hutengenezwa kwa fomaldehaidi au vitu vya jamii hiyo, na kazi yake ni kuua. Haichagui. Shimo la choo au tangi la maji taka hutegemea vijidudu vinavyokula uchafu na kuuvunjavunja. Ukimimina dawa ile unawaua wafanyakazi wenyewe, uchafu unabaki mzima, na dawa inashuka nao. Haya yote ningeweza kuyajua kabla ya kufika kwa hawe. Sikuuliza kwa sababu choo hakikuwa kinaninukia.

Kaka yangu nilipomsimulia aliona najitesa bure. "Mto Sabaki unashuka na udongo wa bara yote," alisema. "Mvua zikinyesha huko juu, bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai. Wewe unakosa usingizi kwa ndoo moja?" Ni kweli, mto unatuletea mzigo mkubwa. Yeye ni mvuvi, ameuona kwa miaka na miaka ukitanda hadi upande wa hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka 1968, mwaka aliozaliwa, na anajua matumbawe yakifunikwa na tope hayapumui. Lakini udongo ule nao ulitoka kwenye mashamba, shamba moja moja, kwa watu ambao kila mmoja aliona chake ni kidogo. Nilimwambia hivyo. Hakunijibu, alitikisa kichwa akaendelea kushona wavu wake. Bado tunabishana.

Sanduku la Mtaliano nililitoa garini. Sasa tuna ndoo ndani ya boksi la mbao lenye kiti, na faneli mbele inayopeleka mkojo kwenye dumu lake peke yake. Siri yote iko hapo: vikichanganyika vinanuka, vikitengana na kikubwa kikabaki kikavu, havinuki. Baada ya kila matumizi unafunika kwa vikombe viwili vya unga wa makumbi. Kuna mzee hapa mtaani anafua nazi, na chini ya kifuo chake vumbi la makumbi hurundikana asijue pa kulipeleka. Ananipa kwa gunia. Mkojo nauzimua kwa maji mengi na kuumwagia migomba nyumbani. Kilichomo ndooni kinaingia kwenye pipa, na mke wangu, aliyekataa ndoo kwa siku tatu nzima kabla ya kukubali kuijaribu, ndiye aliyeweka sharti: mwaka mzima kabla ya kufunguliwa, kisha kwenye mvinje tu, "na si kwenye mboga zangu hata kwa bahati mbaya." Leo mwaka umetimia.

Maji ya vyombo ni kazi ndogo zaidi, ila inataka subira. Tunapangusa sahani kwa kipande cha mkate kabla ya kuosha, tunachuja maji kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha nayabeba hatua 70 au 80 kutoka kwenye maji yoyote, mkondo, kisima au bahari, na kuyatawanya juu ya udongo, kila siku mahali tofauti. Hata sabuni inayosemwa kwamba inaoza yenyewe huozeshwa na vijidudu vya udongoni. Ukiitia baharini moja kwa moja umeikosesha huduma hiyo. Lita zetu 60 zinatutosha siku tatu watu wawili. Nyumbani, bomba likiwa linatoka, kiasi hicho kinaisha kabla ya adhuhuri na hakuna anayekiona kikienda. Chupa za maji za plastiki hatubebi, na si kwa sababu tu ya sheria ya Juni 2020 iliyozizuia kwenye fukwe na hifadhi. Dumu linatosha.

Kuhusu sola sina mengi. Jua la Malindi halina uhaba, taa zinawaka, simu zinajaa.

Ufuo ndio ulionitoa machozi. Miaka ya mwanzo nilikuwa nikishuka na gari mpaka mchangani, kaskazini ya Mambrui, kule kwenye machuguu ya mchanga. Unapunguza upepo kwenye matairi, unapita juu ya mlakasa, ule mtambaazi wenye maua ya zambarau, unasimama mahali ambapo bamvua halifiki. Usiku tulikuwa tukiwasha taa ya nje na kukaa chini yake mpaka saa tano. Asubuhi moja niliona alama pana zikitoka baharini, kama za tairi la trekta. Nikakasirika, nikadhani kuna mtu amepita usiku na mashine. Nikazifuata. Zilipanda mchanga, zikaja moja kwa moja upande wetu, na hatua kama 30 kutoka garini zikapinda na kurudi majini. Hapakuwa na shimo. Alikuwa kasa jike. Alikuja na mayai yake, akaona mwanga wetu, akarudi nayo.

Kasa mmoja hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, na yanakaa chini ya mchanga kiasi cha miezi miwili. Gari likipita juu linaushindilia mchanga, na vitoto vikianguliwa haviwezi kujichimbua. Vikitoka salama vinatafuta mwanga wa bahari, na njia ya tairi iliyozama ni kwao bonde lenye kuta: vinatumbukia, vinatambaa humo badala ya kwenda majini, mpaka kaa au kunguru wakavikuta. Na mlakasa tunaoukanyaga ndio unaoshika mchanga usipeperushwe na kusi. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi nikazitazama njia zangu za tairi, mbili, zimekata mlakasa kutoka juu mpaka chini. Wala sijui yule kasa alikwenda kutaga wapi.

Tangu siku hiyo gari linabaki kwenye barabara au kwenye uwanja ulio tayari, na ufuoni tunashuka kwa miguu. Taa ya nje nimeing'oa kabisa. Rafiki zangu wanaopenda kwenda kule kwa msafara wa magari matano sita wamenialika tena Pasaka hii. Nimekataa, na nimewaambia sababu, na wawili wamekasirika. Nitawaomba tena. Kama ni lazima waende, waache magari juu.

Limebaki jambo ambalo ndoo wala makumbi haviwezi kulitatua, nalo ni dizeli. Gari langu linakwenda kilomita 10 hivi kwa lita. Lita moja haifiki kilo moja kwa uzito, lakini kaboni yake ikiungua inashikana na oksijeni ya hewani, na kinachotoka kwenye ekzosi ni kama kilo 2.7 za hewa ukaa. Sioni, sinusi, sibebi. Mkojo wangu naubeba kwenye dumu, ila hizo kilo nimeziachia njia nzima. Nikijilinganisha na mgeni anayelala hotelini na kiyoyozi usiku kucha, najiona nafuu. Nikijilinganisha na mtu aliyebaki kwake, sina nafuu yoyote. Nilichoweza kufanya ni kupunguza mwendo na kuongeza ukaaji. Mwaka juzi tulitoka mara nyingi, usiku mmoja mmoja, leo Marafa, wiki ijayo Gede. Mwaka huu tumetoka mara tatu tu, na kila mara tumekaa siku nne au tano mahali pamoja. Mida tumerudi. Nilimwonyesha hawe ndoo ya makumbi, akainusa bila kuona haya, akasema ungekuja na hii tangu mwanzo.

Mwezi ujao tunakwenda Lamu, kwa arusi ya mpwa wa mke wangu. Mara ya mwisho tulikwenda na gari. Vichochoro vya mji wa kale kisiwani havipitishi magari, watu na mizigo huenda kwa miguu, kwa punda na kwa mashua, kwa hiyo gari lilibaki Mokowe, ng'ambo ya bara, siku nne juani, sisi tukalala kwa jamaa mjini. Zaidi ya kilomita 400 kwenda na kurudi, zaidi ya kilo 100 za moshi, na kitanda cha ndani hatukukilalia hata usiku mmoja. Tulikuwa na furaha mle vichochoroni, na tulikuwa na furaha bila gari. Kule Lamu ndiko mafundi walikojenga jahazi la Flipflopi kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakalivisha kandambili 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Huwa nalifikiria sana lile jahazi. Kila kandambili iliyopigwa msumari pale iliwahi kutupwa na mtu akaamini imekwenda.

Safari hii tunapanda basi. Mke wangu amekwishalipia viti viwili, upande ambao jua la asubuhi halipigi.

Udongo wa pipani nimeumwaga kuzunguka mvinje na kuufunika kwa majani makavu. Pipa nimelisuuza, nimeliegemeza ukutani likauke. Mzee wa nazi ameniahidi gunia jingine la makumbi Jumatano.