Matofaa ya Hirosaki, nanasi la Kiwangwa

Mwaka 2016 nilikuwa nasoma Hirosaki, mkoa wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikuu cha Japani. Zaidi ya nusu ya matofaa ya nchi ile hutoka Aomori, na aina ya Fuji, inayoliwa leo dunia nzima, ilizaliwa Fujisaki, mji mdogo wa jirani. Vijana wengi wamehamia mijini, kwa hiyo ifikapo vuli wakulima wazee huhitaji mikono, na sisi wanafunzi tulikuwa tunakwenda kuvuna nao.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Novemba tulikuwa katika shamba la mzee mmoja na mkewe, Mlima Iwaki uko mbele yetu na kileleni umeshapata theluji. Chini ya miti hutandikwa karatasi zinazong'aa, ili mwanga urudi juu na tunda liive jekundu hata upande wa chini. Tofaa halivutwi. Unalishika kiganjani, unalipindua kwenda juu, linaachia tawi na kikonyo chake. Likikosa kikonyo, bei inashuka, na bibi alikuwa na jicho la kuona kila kilichokosa.

Saa tisa alasiri tukakaa kunywa chai. Simu yangu ikalia: dada yangu, anayelima mananasi Kiwangwa, Bagamoyo, amenitumia video kwa WhatsApp. Wanawe wawili wako uani. Mkubwa ana nanasi na peni ya shule, mdogo amejifunga leso ya mama yake shingoni na ameshika chungwa, maana tofaa hawana. Wanaimba PPAP, yaani "Pen-Pineapple-Apple-Pen", wimbo wa kuchekesha wa Mjapani aitwaye Pikotaro, wanayumba, wanachomeka peni kwenye chungwa, na kuku wanakimbia. Chini dada ameandika: "Mdogo wangu, huyo Mjapani wenu kanichukulia watoto. Shule hawaendi bila kuimba."

Wimbo wenyewe ulikuwa umewekwa YouTube tarehe 25 Agosti. Mwanamume mwenye miwani na nguo za manjano zenye madoa kama ya chui anacheza mbele ya ukuta mweupe. Mikononi hana kitu. Kalamu, tofaa na nanasi vyote ni vya kufikiria, anaviunganisha hewani, basi. Tarehe 27 Septemba Justin Bieber akaandika Twitter kwamba ndiyo video anayoipenda kuliko zote mtandaoni. Kuanzia hapo haikushikika. Mwezi uliofuata iliingia chati ya Billboard Hot 100 kule Marekani, nafasi ya 77, na Guinness, wale wa rekodi za dunia, wakaitambua kuwa wimbo mfupi kuliko wote uliowahi kuingia humo: sekunde 45.

Nikampa bibi simu. Akaangalia, akamwita mumewe ashuke ngazini. Wao walikuwa wameusikia kwenye habari za jioni, kama Wajapani wengi wa umri wao: wimbo ulizaliwa kwao, ukazunguka nje, ukarudi nyumbani ukiwa mgeni mashuhuri. Kisha bibi akasema kwa fahari ambayo naisikia hadi leo, "Huyu ni mtoto wa Aomori."

Na ni kweli. Nyuma ya Pikotaro yuko Kosaka Daimaou, mchekeshaji aliyezaliwa Aomori mwaka 1973, aliyepanda majukwaani tangu miaka ya 1990. Mwenyewe hushikilia kwamba Pikotaro ni mtu mwingine kabisa, mwimbaji wa Chiba, na yeye Kosaka ni mtayarishaji wake tu. Kuna waliouita wimbo ule upuuzi uliobahatika, na hilo linaniuma. Sikiliza mdundo wake: ile sauti ya kengele ni ya Roland TR-808, mashine ya kutengenezea midundo ya miaka ya 1980, na imechaguliwa na mtu anayeujua muziki. Maneno ni machache, ya mtoto wa darasa la kwanza. Vifaa havihitajiki, kwa hiyo mtu wa Kiwangwa anaweza kuuimba sawasawa na wa Tokyo, tena akaongeza nanasi la kweli. Julai 2017 Pikotaro aliuimba makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, akiwa ameugeuza uzungumzie malengo ya maendeleo endelevu. Mimi sikushangaa.

Siku ile bibi alisema watoto hawawezi kuachwa bila jibu. Akachukua Fuji moja, kubwa kuliko zote kretini, na kalamu aliyokuwa anaandikia hesabu za makreti. Nanasi? Akaingia ndani akatoka na kopo la vipande vya nanasi. Mzee alikataa katakata, kisha mkewe alipoanza, akaweka kikombe chini na kuingia naye, magoti yanakunjwa kwa mdundo, kofia usoni. Nilirekodi huku mkono unatikisika kwa kicheko. Nikatuma.

Majibu hayakuchelewa. Sauti ya mkubwa: "Mjomba, kwa nini nanasi la bibi liko kwenye kopo? Mwambie aje, tutamkatia zima."

Nikamtafsiria. Bibi akainama kuiamkia simu, akaniuliza hadi Kiwangwa ni safari ya saa ngapi na mananasi huiva mwezi gani. Mzee alikuwa ameshapanda ngazi tena: huko jua la Novemba huzama saa kumi na nusu, na safu mbili za miti zilikuwa bado.