Kitako cha manati ya baba

Mikono yangu bado inanuka msaji. Nimeshaosha mara mbili na harufu haijatoka, wala sina haraka nayo.

Haya yote yalianza kwa shemeji, mume wa dada, anayeishi Marekani. Alipokuja likizo alinionyesha kwenye simu bastola yake ya upepo, Crosman 1377, ya kupampu kwa mkono. Unapampu mara 3 mpaka 10, unatia punje ya risasi ya milimita 4.5, unalenga kopo uani. Kilichonishika ni alichoifanyia. Amefungua mashavu ya kishikio, akafunga pale kitako cha plastiki ambacho kampuni ile ile inakiuza kwa namba 1399, na bastola imegeuka bunduki fupi ya kuegemeza begani.

Nikamuuliza, "Nguvu imeongezeka, shemeji?"

Akasema hata chembe. Mtutu ni ule ule, upepo ni ule ule. Ila bastola inaning'inia mwisho wa mkono, na ukivuta pumzi tu inacheza. Kitako kinaifanya ishikwe na mikono miwili, bega na shavu kwa pamoja. Makopo aliyokuwa akiyakosa sasa anayapata kwa punje zile zile.

Maneno hayo nililala nayo siku kadhaa, kwa sababu ya baba.

Baba ndiye aliyenikatia manati yangu ya kwanza: panda ya mpera, mipira ya tyubu ya baiskeli, ngozi ya kiatu kibovu. Yeye embe alikuwa halipigi, alipiga kikonyo, embe likaanguka zima. Sasa mikono inatetemeka. Kahawa tunamjazia nusu kikombe. Mwaka juzi alijaribu manati yake mbele ya wajukuu, jiwe likaenda kugonga bati la jirani, naye akaiweka chini polepole, hakusema kitu. Tangu siku ile imekaa juu ya kabati. Sijaisahau namna alivyoiweka.

Bastola sikuitaka. Kwetu habari za silaha zina vibali vyake, na mzee hahitaji mtutu. Nilichokitaka ni kile kitako.

Kwa fundi milango mmoja hapa Ngamiani, Tanga mjini, nikapata kipande cha msaji, mti unaopandwa kule Longuza, Muheza. Nilianza kwa kuulizia mninga, bei ikanirudisha nyumbani. Lakini msaji una mafuta yake, unyevu wa pwani hauupindi ovyo, na sasa naona nilipata kilicho bora. Kitako hupimwa kutoka mkunjo wa kiwiko mpaka kidole cha shahada kikiwa kimekunjwa, basi nikamwomba baba mkono nikaupima kwa kamba. Hakuuliza ni wa nini. Panda yake ya zamani sikuitoboa, roho ilikataa. Niliifunga mbele ya ubao kwa uzi wa katani, mizunguko mingi, nikaukaza ukiwa umelowa.

Kazi ngumu ilikuwa kifyatuo. Nilianza na kibanio cha nguo, mipira ikakishinda, kikaachia chenyewe na kidonge cha udongo kikanipita karibu na sikio. Nikakitupa. Nikachimba mtaro mwembamba kukata upana wa ubao, kikamba cha nyuma ya ngozi kikae humo, na chini yake nikatoboa tundu la kijiti. Ukikisukuma kijiti, kinakinyanyua kikamba kutoka mtaroni na mipira inaondoka. Mtaro ukizidi kina, kijiti kinakuwa kigumu na kulenga kunaharibika. Ukipungua, kikamba kinaponyoka kabla hujawa tayari. Nilikesha na tupa na msasa siku tatu, mwisho nikapaka nta ya mshumaa, kikaanza kutoka laini kama kinavyotakiwa.

Mawe nimepiga marufuku. Tunatumia vidonge vya udongo wa kichuguu, vilivyokaushwa kivulini ili visipasuke. Vikigonga kitu vinasagika, havirudi usoni kwa mtu. Nyuma ya makopo nimening'iniza magunia mawili ya katani, yakiwa yamelegea, hayagusi ukuta, maana gunia lililolegea linameza mwendo wa kidonge na lililokazwa linaurudisha. Watoto wote nyuma ya mlengaji. Ndege hatuwagusi.

Jumapili alasiri nikamtolea kiti chini ya mpapai. Kuvuta mipira hawezi tena, kwa hiyo nilivuta mimi, nikatega kikamba mtaroni, nikampa. Akaegemeza bega, akalaza shavu. Mkono wa mbele ulikuwa ukitetemeka kama kawaida, lakini ubao haukuufuata wote, bega liliushika. Kidonge cha kwanza kilipita chini. Cha pili kikapelekwa kushoto na upepo wa kusi, akaguna, akasogeza shabaha kidogo kulia bila mtu kumwambia.

Cha tatu kikaangusha kopo la maziwa. Wajukuu wakapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mimi nilijifanya natafuta vidonge chini, machozi yalikuwa karibu.

"Hatua ngapi hizo?" akauliza.

"Kumi na mbili, baba."

"Sogeza nyuma."

Tukasogeza, mara mbili. Mama akatokea mlango wa jikoni akasema adhana inakaribia na mzee hajatawadha. Baba hakugeuka. Alininyooshea manati nimtegee, akasema, "Moja tena."