Mashine ya Kukaushia Nguo Tuliyoirudisha

Nimechoka kuambiwa ninunue mashine ya kukaushia nguo. Tuko watano nyumbani, mdogo kabisa bado anavaa nepi za kitambaa, na kila mvua zikikolea lazima atokee mtu wa kuniambia, "Dada, nunua tu, utapumzika." Nimeishi nayo mashine hiyo, nimeishi pia bila yake. Huu ni mwaka wa pili tunakausha kila kitu kwa kamba, mvua inyeshe isinyeshe, na nguo zetu hazina uvundo. Nalisema hilo kwa kujidai kabisa, maana nililihangaikia.

Ushauri mbaya kuliko wote niliopata ulikuwa huu: funga chumba, washa hita, anika humo. Alinipa mtu ninayemheshimu, na uliniingia akilini, kwani nani asiyejua kwamba joto hukausha? Nikafunga kamba nne kwenye chumba cha watoto, wenyewe nikawahamishia kwetu. Dirisha nikalifunga, chini ya mlango nikaziba kwa taulo kuukuu ili joto lisitoke hata chembe. Hita ikawaka tangu jioni. Usiku kabla sijalala nikaenda kuchungulia, mvuke ukanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Nilifurahi! Nikasema kazi inafanyika. Asubuhi kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka, maji yametuama kwenye kizingiti, na nguo zina ujotojoto lakini ukizibana kwa vidole ni chepechepe. Nikadhani muda haujatosha, nikaendelea siku nne. Siku ya tano nilisogeza kabati kutafuta soksi iliyoangukia nyuma, nikakuta ukuta umeota ukungu, vidoa vyeusi vimetapakaa toka sakafuni hadi usawa wa kiuno changu. Mtoto wangu wa pili ana pumu. Nilikaa kitandani nikalia.

Wifi yangu aliposikia, akatuazima mashine yake wakati wanahama nyumba. Tukakaa nayo wiki sita. Sitaisema vibaya kuliko inavyostahili: taulo zinatoka laini, na usiku wa dharura ni mkombozi. Lakini sweta la mume wangu la sufu lilitoka likimtosha mtoto wa darasa la pili. Mipira ya kiunoni kwenye nguo za ndani ikaanza kulegea. Na lile chujio! Kila mzunguko ukiisha unavuta humo blanketi jembamba la nyuzi, rangi ya kijivu, na hizo nyuzi ni nguo zako mwenyewe zinazopukutika. Usipolisafisha kila mara, hewa inakwama, mashine inakausha polepole, na nyuzi zikirundikana karibu na joto zinaweza kushika moto. Nguo zenye mafuta ya kupikia au ya kuchua nazo usizitie humo hata kama umezifua, maana mafuta yaliyobaki kwenye kitambaa yanaweza kujipasha hadi yakawaka. Umeme ulipanda nikashtuka. Mashine ya kawaida ya aina hii hula uniti 3 hadi 4 kwa mzigo mmoja. Zile za pampu ya joto, zinazotumia tena joto lilelile badala ya kulitupa, hula karibu nusu yake, ila bei yake ya kununulia ni nyingine kabisa.

Siku wifi alipokuja kuichukua, mvua zilikuwa bado ziko palepale. Ndipo nikachukua mzani wa ndoano, ule wa kupimia mizigo ya safari. Nilitaka kujua jambo moja: napambana na maji kiasi gani? Nikapima nguo kavu za pamba kwenye kapu jepesi, kilo 4. Nikazifua kama siku zote, zikatoka kwenye mashine ya kufulia kilo 6 na gramu 800 hivi. Lita 2.8 za maji! Ndiyo yaliyokuwa yakipanda ukutani kwa watoto wangu usiku baada ya usiku. Nikaangalia kitufe cha kukamulia, kumbe miaka yote tumekiacha kwenye mizunguko 800 kwa dakika, vile kilivyokuja. Nikakipeleka 1400, nikazikamua zilezile mara ya pili bila kuongeza maji. Mzani ukasoma kilo 6.1. Maji gramu 700 yameondoka kwa muda wa dakika kumi hivi.

Hapo hesabu ikanikaa. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunataka takribani theluthi mbili za uniti ya umeme, upende usipende, iwe kwa hita au kwa mashine ya kawaida ya kukaushia. Kuyarusha maji hayohayo kwa kuzungusha pipa ni umeme kidogo mno. Kwa hiyo maji yanayotoka kwa kukamua yatoke yote huko. Ila hariri, nguo za lasi na sidiria zibaki kwenye mizunguko midogo.

Yanayobaki ni kazi ya upepo. Chumba changu cha mwanzo kilikuwa na joto tele, lakini hewa ikishashiba mvuke haipokei tena. Siku hizi dirisha naliacha na upenyo wa vidole vinne, mlango wazi kidogo, na feni naiweka sakafuni ikipuliza sambamba na kamba, ili upepo upite katikati ya nguo. Ukiielekeza kwenye nguo ya kwanza, hiyo itakauka na kuzikinga nyingine zote. Watu hunibishia, eti nje mvua inanyesha, unyevu utaingia. Hewa ya nje ikiingia chumbani chenye joto zaidi hupata nafasi ya kubeba mvuke, na ikitoka inatoka nao.

Shuka usiikunje kwenye kamba moja pande zikagusana. Itandaze juu ya kamba mbili, iwe kama paa la bapa, upepo upite chini. Jinzi igeuze ndani nje, mifuko uitoe ining'inie, kwa sababu mifuko ndiyo hubaki mibichi wakati mguu umeshakauka. Panga ndefu, fupi, ndefu, fupi. Sweta langu naliviringisha ndani ya taulo kavu kama mkeka, halafu nasimama juu yake kwa miguu mitupu, natembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Taulo linainuka zito, sweta linainuka jepesi. Watoto hugombania zamu ya kukanyaga.

Mlima wa nguo wa Jumamosi nimeuvunja. Nafua mzigo mmoja kila jioni, nguo zinapigwa na upepo usiku kucha, na asubuhi naanua karibu zote. Nepi nyingi zinakuwa tayari. Za tabaka nene nazimalizia kwa hanga mbele ya feni.

Na kama uvundo umeshaingia kwenye nguo, usiufunike kwa marashi. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kwamba bakteria aitwaye Moraxella osloensis ndiye chanzo kikubwa cha harufu ile ya nguo zilizofuliwa, na kwamba anastahimili ukavu, hata miale ya jua. Ndiyo maana taulo hunuka tena mara tu likilowa. Zangu nilizifua kwa maji ya nyuzijoto 60, nikazikausha upesi, zikapona. Ukuta wa watoto tuliusugua tukaupaka upya, na kabati sasa linakaa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Jirani yangu alinijia mwezi uliopita. Anamuuguza baba yake aliyelala kitandani, anabadilisha shuka mara mbili tatu kwa usiku, na nyumba yake ni chumba kimoja na sebule, hana hata pa kufunga kamba. Nilimwambia anunue, tena ya pampu ya joto akiweza, asisikilize mtu, hata mimi. Ilipofika tulisaidiana kuisukuma hadi ndani, na kabla hajaiwasha nikamwonyesha lilipo chujio na jinsi ya kulichomoa.