Sapu ya mimea niliyoifaulia kwenye tope la Kunduchi

Mwaka wa kwanza wa biolojia nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo la mimea, na sikuwa mvivu. Nilikesha nikikariri majina ya mikoko, miti ya kwenye tope la bahari: Rhizophora mucronata, Avicennia marina, Ceriops tagal, Bruguiera gymnorrhiza. Asubuhi naingia mtihani wa vitendo, mezani yamepangwa matawi yenye namba, na majina yote yakawa sauti tupu. Mimi nimekulia Tabora. Mkoko nilikuwa nimeuona kwenye picha tu.

Mwenzangu wa darasani, mwenyeji wa Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, aliniona nimenyong'onyea. Jumamosi tukapanda daladala Mwenge, tukamkuta babu yake anashona nyavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unasomea nini huko?"

Nikamweleza. Akatazama bahari, maji yalikuwa yamekupwa. "Vueni viatu," akasema.

Tulianza na mchu. Akachuma jani, akaniambia nilambe: chumvi! Mti huu hunyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Chini yake mizizi ya kupumulia imesimama kama penseli zilizochomekwa topeni. Mkoko wenyewe umejitegemeza kwa mizizi ya matao, na mbegu zake huchipua zikiwa bado mtini, zinaning'inia kama fimbo. Msinzi mizizi yake imekunjika kama magoti. Kufika kwenye mkandaa, babu akasimulia jinsi magome yake yanavyotoa rangi nyekundu.

Usiku bwenini nikafanya jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo: nikatafuta maana ya yale majina ya kisayansi. Rhiza ni mzizi kwa Kigiriki. Basi Rhizophora, yaani mkoko, ni "mbeba mizizi", na gymnorrhiza, jina la msinzi, ni "mizizi tupu", iliyo wazi. Waliotoa majina waliangalia kilekile alichonionyesha babu! Na Avicennia, yaani mchu? Ni jina la Ibn Sina, yule tabibu mkubwa, kama lilivyotamkwa Ulaya. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliupa mti jina hilo kumuenzi.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea babu habari hiyo. Akaacha kushona. Ibn Sina alimjua tangu chuoni kwa maalimu wake, utotoni. "Kwa hiyo mchu wetu una jina la Ibn Sina," akasema taratibu, akarudia mara mbili.

Nikaendelea kwenda kila maji yalipokupwa mchana, na daftari langu likawa na safu tatu: jina la Kiswahili, jina la kisayansi, na kitu nilichokishika kwa mkono. Ile safu ya tatu ndiyo iliyoniokoa. Siku ya sapu niligusa jani la kwanza, nikaona tope, nikaona magoti ya msinzi, na kalamu ikaandika yenyewe.

Matokeo yalipotoka nilikwenda kumshukuru. Alifurahi, akaniombea dua, kisha akanyoosha kidole kwenye mti ulio nyuma ya ngalawa yake.

"Na mkomafi je? Wao wanauitaje?"

Xylocarpus granatum, nikamwambia. Akaomba nimwandikie kwenye karatasi.