Gitaa la Kijapani lisilo na jina: nilichokikuta chini ya rangi

12 Aprili

Nimelitoa kwenye duka la mitumba hapa Nagoya, kwenye ile kona ambayo Wajapani wanaiita janku. Ukinunua hapo umechukua kitu kama kilivyo, hakuna kurudisha. Yeni 6,600. Umbo ni la Les Paul, lile gitaa maarufu la kampuni ya Gibson ya Marekani, rangi nyekundu iliyoiva, nyuzi mbili hazipo, soketi ya waya inacheza, na nembo ya kichwani imekwanguliwa hadi kubaki doa la gundi. Nyuma, shingo inapokutana na mwili, kuna skrubu nne na bamba la chuma lenye maandishi kwamba shingo imeimarishwa kwa chuma na gitaa limetengenezwa Japani. Bamba la aina hiyo lilifungwa kwenye magitaa mengi ya miaka ya 1970, kwa hiyo peke yake halinitajii kiwanda.

Karatasi ya bei ilisema mwili ni mahogani. Neno hilo ndilo lililonisimamisha. Nimekulia kwenye karakana ya baba mdogo, Tanga, na mkangazi, ambao ni ndugu wa mahogani kwa upande wetu wa dunia, nimeupiga randa tangu nikiwa shule ya msingi. Nilipolinyanyua tu nikahisi haliko sawa: jepesi mbele, zito shingoni.

13 Aprili

Kabla ya kufungua chochote nimeweka nyuzi mpya na kurekodi. Nikapiga waya wa A, yaani wa pili kutoka ule mnene zaidi, bila kuubonyeza na bila kuunganisha spika, sikio karibu na mwili, saa mkononi. Sekunde 7 mlio ukafa. Kwenye spika sauti ni nyembamba, kali juu, haina tumbo. Nimeandika namba zote daftarini, maana sikio la mtu aliyekwisha kutumia hela na jasho husikia anachotaka kusikia.

Halafu nikatoa pikapu, yaani ile sumaku iliyozungushiwa waya (koili) inayonasa mtetemo wa nyuzi, ile ya upande wa briji, kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini, nikamulika tochi kwenye tundu. Baba mdogo alinizoesha kutotazama uso wa ubao, bali pale ulipokatwa. Hapo ukingoni kila kitu kilikuwa wazi. Juu ni plaiwudi ya tabaka tatu iliyokandamizwa ikatuna kama sinia lililopinduliwa. Chini ya plaiwudi, nafasi tupu. Kidole changu cha mwisho kimeingia chote. Chini ya nafasi hiyo ndio mwili wenyewe, vipande vitatu vya ubao wa kahawia iliyoelekea wekundu, vimeunganishwa ubavu kwa ubavu.

Nikaupiga picha ubao, nikamtumia baba mdogo kwa WhatsApp.

"Shikamoo baba mdogo. Hii mbao wameniambia mahogani."

"Marahaba mwanangu. Aliyekwambia hakushika patasi. Matundu makubwa hayo, na rangi imepauka. Maungio yako vipi?"

Nikasogeza tochi, nikapitisha ukucha kwenye maungio. Haukukwama popote. Nikamtumia picha nyingine.

"Basi fundi wake alikuwa anajua kazi," akajibu. "Ubao ni wa bei ndogo, mkono si wa bei ndogo."

Kwa kila ninachokiona, ubao huo ni lauani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Japani iliagiza magogo ya lauani kwa wingi kutoka Ufilipino, na baadaye kutoka visiwa vya Indonesia na Malesia, hasa kwa ajili ya plaiwudi. Sokoni uliitwa mahogani ya Ufilipino, ingawa mti wenyewe hauna udugu na mahogani. Ndivyo jina lilivyohama kutoka sokoni hadi kwenye karatasi yangu ya bei, miaka hamsini baadaye, na sidhani kama muuzaji alikusudia kudanganya.

Majina ya mbao kwenye magitaa ya zamani ya Kijapani yanahitaji subira. Mti mwingine wanaouita sen una mistari inayofanana na ya ash, ule ubao unaopendwa kwenye magitaa ya Kimarekani, na magitaa mengi ya sen huuzwa leo kwa jina la ash. Ni familia tofauti kabisa za mimea. Lakini sen ni ubao mzuri kwa haki yake! Unachongeka vizuri, unapokea rangi ya uwazi, mistari yake inapendeza. Kuuazima jina la mti mwingine ni kuunyima heshima yake.

20 Aprili

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Nimelegeza kifuniko cha nikeli cha pikapu kwa pasi ya lehemu, taratibu, kwa kuwa waya wa ndani ni mwembamba kuliko unywele. Kwa nje ni pikapu ya koili mbili, ile inayozima mvumo wa umeme. Ndani kuna koili moja tu, imelala katikati, na pembeni hamna kitu. Mita ya kupima ukinzani wa waya ikasoma kilo-omu 4.6.

Hii si hitilafu ya gitaa langu. Magitaa mengi ya bei nafuu ya Kijapani ya mwanzo wa miaka ya 1970 yalifungwa pikapu za namna hii, koili moja ndani ya kifuniko cha mbili. Nimekaa chini nikafikiri. Ni watu wangapi wamelipiga gitaa kama hili, wakasikia sauti nyembamba, wakasema "ni plaiwudi hiyo, utategemea nini?" Ubao ukabeba lawama ya koili.

Nina pikapu ya kweli ya koili mbili niliyoitoa kwenye gitaa jingine. Nimeilehemu upande wa briji, nyuzi zilezile, urefu uleule kutoka kwenye nyuzi, nikarekodi tena. Tumbo limekuja. Sauti imejaa, na ule mvumo wa umeme umenyamaza. Waya wa A bila spika: sekunde 7 vilevile, kama ilivyotarajiwa, kwani sikugusa chochote kinachoshika nyuzi.

27 Aprili

Shingo. Nimefungua skrubu nne na kukuta kipande cha boksi la karatasi kimekunjwa mara mbili chini ya kisigino cha shingo, kuinua pembe. Karatasi imeloa jasho la miaka na kuwa laini kama kitambaa. Zaidi ya hapo, rangi nene imejaa kwenye tako ambamo shingo hukaa, kwa hiyo ubao haukuwa unagusana na ubao. Katikati yao kulikuwa na rangi, hewa na karatasi.

Shingo yenyewe imenifurahisha kuliko kitu kingine chochote kwenye mradi huu. Ni mepo (maple), ubao mgumu wa rangi nyeupe, vipande vitatu vilivyobandikwa kwa urefu, mistari ya kipande cha kati ikielekea upande tofauti na ya jirani zake, ili kimoja kikitaka kujipinda kingine kimzuie. Nimeiwekea rula ya chuma: baada ya nusu karne ya majira ya mvua ya Japani, ambayo huvimbisha hata droo za kabati, imenyooka. Ubao wa freti (zile pau ndogo za chuma zinazokatiza shingo) ni rozwudi, mkavu sana, nikaupaka mafuta kidogo ukanywa palepale. Shingo haibaki hivyo kwa bahati. Kuna mtu aliyeacha mbao zikae zikauke kabla ya kuzikata, na kuna mtu aliyekataa kipande chenye mistari iliyopinda.

Nimekwangua rangi ya ndani ya tako kwa patasi, milimita kwa milimita, nikachonga kabari nyembamba ya mepo mahali pa ile karatasi, na kukaza skrubu. Waya wa A: sekunde 11. Nimerudia mara tano, kati ya 10 na 12.

4 Mei

Sikukuu za Mei, kazi zimefungwa. Nimepanda treni ya Shinano kwenda Matsumoto, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Nagoya, nimesimama njia nzima kwa ajili ya msongamano. Huu ndio mji ambao magitaa mengi ya Kijapani yametokea. Kampuni ya FujiGen ilianzishwa hapa mwaka 1960 na ikaja kutengeneza magitaa ya majina ya Greco na Ibanez, na kuanzia 1982 magitaa ya Fender Japan. Matsumoku, kiwanda kingine cha magitaa, nayo ilikuwa hapa. Kabla ya magitaa walikuwa maseremala wa makabati ya cherehani za Singer! Nikakumbuka mafundi cherehani wa barazani Tanga, na zile meza za mbao ambazo hazikuwahi kufunguka maungio pamoja na kukanyagwa mchana kutwa. Mtu aliyejifunza kazi kwenye meza ya cherehani ana subira ya gundi. Kiwanda cha Matsumoku kilifungwa 1987.

Kwenye duka la vyombo vya muziki nimeshika besi ya Aria Pro II SB-1000, iliyotoka Matsumoku. Shingo yake, tabaka za mepo na walnati, haiishii kwenye skrubu bali inapita mwilini hadi mwisho. Nimetafuta maungio kwa ukucha kama nilivyofanya nyumbani, na hapa pia ukucha haukukwama. Yamaha nao walikuwa wamefuata njia hiyo ya shingo inayopita mwilini mwaka 1976 kwenye SG2000, na chini ya briji wakaweka bamba la shaba. Kwangu hizo ndizo kazi zinazostahili bei kubwa: Wajapani wakichora cha kwao.

Niseme na hili, kwa kuwa linaniudhi. Kuna wauzaji wanaopandisha bei ya kila nakala ya Kijapani kwa kuiita "gitaa la kesi". Kesi ilikuwapo. Mwaka 1977 Norlin, wenye Gibson wakati huo, waliishtaki Elger, kampuni ya Pennsylvania iliyokuwa ikiingiza Ibanez Marekani, juu ya umbo la kichwa cha gitaa. Ibanez walikuwa wameshalibadilisha umbo hilo, na pande hizo zikapatana nje ya mahakama. Kesi haikuhusu mbao wala ubora, na haikuyagusa magitaa yasiyo na jina kama langu. Usilipe hata yeni moja ya ziada kwa neno hilo. Lipa kwa shingo iliyonyooka.

18 Mei

Soketi mpya imefungwa. Upande wa shingo nimeirudisha ile koili moja ya asili ndani ya kifuniko chake. Ikipigwa peke yake, bila pikapu nzito ya briji, inatoa mlio mwepesi unaong'aa, unaokaa vizuri juu ya ngoma bila kusukumana na besi, mlio ambao gitaa la solo la muziki wetu wa dansi linautaka hasa. Ile nafasi tupu chini ya plaiwudi nilifikiria kuijaza ubao, nikaacha. Spika ikipandishwa sana gitaa huanza kulia lenyewe kwa sababu ya uwazi huo, na kwa sauti ya chumbani halinisumbui.

Kumbebesha lauani sifa za mahogani sitaki, na kumdharau sitaki. Kwenye gitaa hili sauti iliniongezekea mara mbili, mara ya kwanza kwa koili, mara ya pili kwa kukwangua rangi iliyotenganisha shingo na mwili. Mwili ni uleule.

Baba mdogo nimemtumia rekodi mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Ya pili umekaza nini?"

Zimebaki freti. Tano za kwanza zimechimbika kwa kupigwa sana na mtu nisiyemjua, hasa chini ya nyuzi mbili nyembamba. Tupa ya kuzisawazisha nimeshaagiza.